Usiniite Mama Humu Ndani

Watu wa Bagamoyo wakitaka kujisifu husema mji wao hauachi mjane akalala nje. Ni kweli, siwabishii. Mie mwenyewe nimekaa chini ya paa lile miaka, na mtu hatukani paa lililomkinga mvua. Lakini nitakwambia lililonipata humo, maana hao wanaojisifu hawajalala humo hata siku moja.

Ilikuwa enzi za Seyyid Barghash, misafara ya pembe za ndovu ikishuka kutoka bara. Moto ulikuwa umekula mtaa mzima wa makuti, watu wakabaki na nguo za mwilini tu. Majumbe, wakuu wa mji, wakakaa na Wahindi wenye maduka, wakakubaliana kwamba katika ile ada wanayotoza misafara, fungu moja liwe la mji. Mwenye kibanda kinachovuja apewe makuti. Anayedaiwa kodi ya kiwanja alipiwe, asitolewe. Na mwanamke aliyekwisha kutolewa apewe chumba. Wakajenga nyumba ya mawe nyuma ya maduka, vyumba vimeuzunguka ua, ikaitwa Nyumba ya Mji. Msimamizi wake alikuwa Bi Kulsum, mjane wa Kihindi, Mwislamu mwenye swala zake, funguo kiunoni, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera, kwamba katika kisa hiki simpati mtu mbaya wa kumtukana nikatulia.

Baba yangu alipokufa, mimi nilikwisha kuolewa Makurunge kwa mkulima mmoja jina lake Rehani. Baba alimwachia mama nyumba ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu. Kwetu pwani ndivyo ilivyo, ardhi ya huyu, nyumba ya yule. Mwenye kiwanja alingoja eda iishe, akaja, akasema anapataka mahali pake, mama achukue nyumba yake aondoke nayo. Kodi mji ungemlipia, ila yeye hakutaka kodi. Haya, niambie wewe, nyumba ya udongo utaibeba kichwani au mgongoni?

Ndipo mama, Chausiku binti Mwinyimkuu, akaenda kuomba chumba. Bi Kulsum alimwekea msahafu mbele yake, kama alivyowawekea wote, akamuuliza maneno matatu. Una mume? Mama akasema sina. Una ndugu wa kukuweka? Akasema sina. Una mtoto? Na hapo mama yangu, mkono juu ya msahafu, mimi niko hai Makurunge nikitwanga mahindi ya mama mkwe, akasema sina.

Nilikuja kumuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia kisimani alisikia kwamba wenye watoto hufukuzwa wakalelewe na watoto wao. Alelewe na nani? Mie nilikuwa mke wa mtu, katika nyumba ya mama mkwe, hata chungu nilichopikia hakikuwa changu. Na maneno yale ya kisimani yalikuwa uongo mtupu. Bi Mwanamvua wa chumba cha pembeni alikuwa na binti ameolewa Lugoba, alimtaja siku ya kwanza, na hakuna aliyemtoa. Binti aliyeolewa yuko kwa mumewe, Bi Kulsum alilijua hilo kama sote. Alichokuwa akitafuta ni mtoto mwenye nyumba.

Mama alipokuja kulijua hilo alikwisha kuapa. Na kwa Bi Kulsum, kiapo cha uongo hakikuwa na msamaha. Kulikuwa na mwanamke aliyeapa kuwa hana mume, mume akaja kutokea kutoka Pangani; alitolewa siku hiyo hiyo, vyungu vyake vikamfuata njiani. Bi Kulsum alisema anayemchezea Mungu kwa ajili ya chumba atawachezea na majirani. Basi mama akawa ameokoka kwa uongo, ilhali ukweli ungemfaa zaidi, na hakuweza tena kurudi nyuma.

Yote hayo sikuyajua. Mimi niliambiwa mama amepata chumba katika nyumba ya Mhindi, tukawa tunaonana sokoni, basi. Kisha nikashika mimba.

Unajua kwetu mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, wala si jambo la kujadiliwa. Mama mkwe wangu alinitazama tumbo lilipokuwa kubwa, akasema, "Mwanvita, wakati wako wa kwenda kwenu huu. Au huna kwenu?" Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, anachambua mchicha, lakini nilijua maana yake. Siku zile mwanamke asiye na kwao alikuwa ni mtu mmoja tu, mtumwa, au mtoto wa mtumwa. Neno kama hilo likishaingia nyumbani halitoki, na watoto wako watalirithi. Nikamjibu ninako, tena kwenye nyumba ya mawe.

Rehani alinisindikiza kwa mguu. Alikuwa mwanamume mwema, nasema haki ya Mungu, mpole mpaka anakera. Alinibebea kapu, akaliweka barazani, na mama alipotoka akageuza uso pembeni na kuamkia chini chini, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa. "Shikamoo, mkwe." "Marahaba, baba." Akaondoka. Hakuuliza kitu, na mkwe haulizi.

Mama alinivuta ndani akafunga mlango. Sijakaa hata kitako akanishika mkono.

"Mwanvita, sikiliza. Humu ndani usiniite mama."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kunifurahisha baada ya safari. Ndipo akanieleza yote kwa kunong'ona, kiapo, kisima, msahafu, yule mwanamke wa Pangani. Alikwisha kumwambia Bi Kulsum kwamba mimi ni yatima wa jirani yake wa zamani wa Kerege, sina mama, na amenihurumia. Bi Kulsum alikubali nizalie hapo, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hafukuzwi hata na kafiri.

Nilipandwa na hasira mpaka mtoto akaruka tumboni. Nikamwambia, "Nirudishe Makurunge leo hii."

"Ukirudi watasema huna kwenu."

"Basi nenda kamwambie Bi Kulsum ukweli."

Mama akahakikisha mlango umefungwa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kati ya kutolewa kiwanjani na kupata chumba, alilala nje. Alilala chini ya upenu wa ghala la pembe, miguu ya wapagazi ikimkanyaga. Kulikuwa na mwanamke mwingine analala naye hapo, wameegemezana migongo wapate joto. Alfajiri moja mama akaamka, mgongo uko wazi. Watu wakasema mwanamke yule amepakiwa jahazini, na mwanamke alalaye nje haulizwi ni muungwana au mtumwa, hukunjwa tu kama mkeka.

"Wewe hujalala nje," akaniambia. "Mimi silali nje tena. Afadhali nife."

Nikafungua kapu langu. Tangu hapo nikamwita Bi Chausiku.

Jamani, ni kazi kuliko kulima. Neno mama linakutoka kabla hujafikiri. Ukiungua kidole, mama. Ukijikwaa, mama. Nikawa naogopa kujikwaa. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wema. Bi Mwanamvua aliniletea uji wa mtama kila asubuhi, akinitania kwamba tumbo langu lina mzee wa kiume maana halitulii. Nami kila wema ulinibana zaidi. Ukumbi ulikuwa mpana, ua una hewa, lakini mimi niliona kama nimefungiwa ndani ya kasha.

Siku moja Bi Kulsum alikaa nasi uani, akaniuliza kwa huruma mama yangu alikufa kwa maradhi gani. Nikasema homa. Akauliza kazikwa wapi. Nikasema Kerege. Basi akainua mikono, akasema tumsomee fatiha marehemu. Sote tukainua mikono, na mama yangu naye, amekaa hapo hapo anakuna nazi, akaacha mbuzi akainua mikono akajisomea fatiha yake mwenyewe. Alipomaliza akajifuta uso akaendelea kukuna. Sijui nilitaka kucheka au kumtupia kifuu.

Uchungu ulinishika baada ya swala ya alfajiri. Mama akaenda kumwita mkunga, Nyanya Mosi, bibi kizee mwenye mikono ya chuma. Mtu akapelekwa Makurunge kumwita Rehani, kwa kuwa baba wa mtoto hukaa barazani asubiri. Adhuhuri alikuwa amefika, amekaa nje chini ya dirisha letu. Nilimsikia akikohoa.

Adhuhuri ikapita, mtoto hatoki. Chumba kilikuwa kama tanuri. Nilikuwa nimeng'ata kaniki, si kwa ajili ya maumivu, ila neno lisinitoke. Mwanamke akizaa huita mamaye, hata kama kafa zamani, na pengine hakuna ambaye angeshangaa. Lakini nilijijua. Ningemwita nikimtazama, na macho yangu yangesema yote. Nikamwita Mungu. Nikamwita Mtume. Nikamwita marehemu baba. Mama mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu, amenipakata mgongo kwenye kifua chake, nausikia moyo wake unavyopiga, na sikumwita.

Nyanya Mosi akarudi nyuma, akapangusa mikono.

"Humu mna neno," akasema. "Tumbo halikufunga bure."

Bi Kulsum alikuwa amesimama mlangoni. "Neno gani?"

"Mficha uchi hazai, Bi Kulsum. Huyu binti ana siri. Mtoto hapiti penye siri." Akaniinamia. "Mwanangu, umechanganya damu ya mumeo na ya mwanamume mwingine. Taja jina lake, mtoto apite. Usipotaja mtakufa wawili."

Wote tuliamini hivyo siku zile, na wengi wanaamini mpaka leo. Uchungu ukichelewa, mwanamke huulizwa. Nami nilikuwa na siri, tena siri kubwa, imekaa nyuma yangu imenishika mabega. Ndiyo maana niliogopa kweli. Niliona mkunga amesema sawa, isipokuwa amekosea siri.

Nikatikisa kichwa. Nyanya Mosi akaniuliza tena, safari hii kwa sauti, na sauti yake ilipita dirishani. Kule nje kikohozi kikakoma.

"Hakuna mwanamume," nikasema.

"Basi kuna nini?"

Nikageuza shingo nikamtazama mama. Nilimtazama kwa macho yangu yote. Ilikuwa neno moja tu, yeye aliseme au mimi niliseme. Angesema, huyu ni mwanangu, siri ndiyo hiyo, mkunga angeridhika na mume wangu angebaki mume wangu. Mama alikuwa ameangalia ukuta. Nikahisi mikono yake inavyonishika mabega, kwa nguvu, kama mtu anayezama.

Nilimuona analala chini ya upenu. Wallahi nilimuona, mgongo wazi.

"Naondoa mikono yangu," Nyanya Mosi akasema. "Sitaki kesi ya maiti wawili."

"Kombo," nikasema.

"Kombo gani?"

"Mpagazi. Amekwenda Unyanyembe na msafara."

Hakukuwa na Kombo. Bagamoyo ilijaa akina Kombo waliokwenda bara wasirudi, nikamchagua mmoja wa hewani asidhuriwe mtu. Nyanya Mosi akasema alhamdulillahi, akarudi kazini kwa moyo, akanigeuza ubavu, akabonyeza pale ambapo hakupabonyeza asubuhi nzima, na mtoto akatoka. Mtoto wa kike, analia. Wanawake wakatazamana. Sasa ni nani angeniamini tena? Mtoto alikuwa anakuja tu. Ningetaja jina la mbuzi angetoka. Lakini alitoka kwa jina la Kombo, na huo ukawa ushahidi.

Rehani alisema dirishani, bila kupaza sauti, "Mwanvita, nimekuacha." Kisha nikasikia viatu vyake vya ngozi vinakwenda. Nililia kuliko nilivyolia kwa uchungu wa kuzaa, kwa sababu nilimpenda mwanamume yule, na sioni aibu kusema.

Walipotuacha wenyewe, mama alimshika mtoto, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Wewe ungelala wapi?"

Akasema kesho atakwenda kwa Bi Kulsum, ataungama, atatoka, mume wangu atarudi. Kesho ikawa kesho kutwa. Arobaini ikafika. Sikuwa na pa kwenda, maana mwanamke aliyeachwa kwa kosa kama lile hata wajomba humfungia mlango. Bi Kulsum alinipa chumba ukuta kwa ukuta na cha mama. Hakuniapisha. Alisema, "Wewe hali yako tunaijua." Alinipa ufunguo bila kunitazama, na tangu siku ile Bi Mwanamvua hakunitania tena.

Nikaishi hapo. Nilisuka ukili, nikauza vitumbua, nikamlea Dija wangu. Alipoanza kutembea alikuwa na paji la uso la Rehani, lile lile, kama kakatiwa kutoka kwake. Kila mtu aliliona, na hakuna aliyesema. Rehani mwenyewe alituona sokoni mara moja, akamtazama mtoto, akamtazama tena, na alikwisha kuoa mke mwingine. Akanunua chumvi akaenda zake.

Mama aliendelea kusema kesho. Kuna mchana mmoja nilishindwa, nikampigia ukuta kwa ngumi, nikasema, "Utasema lini, Bi Chausiku? Dija akiolewa?" Kisha sauti yake ikaja kupitia ukutani, ndogo.

"Mimi ni mwoga, Mwanvita. Niombee."

Sikumwombea. Nilimkasirikia, na nilimpikia, na nilimchemshia maji ya kuoga baridi ilipomwingia mifupani, na yote niliyafanya kama jirani mwema. Wanawake wa nyumba walisema yule yatima amelipa fadhila.

Alikufa mwezi wa Rajabu, asubuhi, kabla ya vita na Wadachi. Niliingia na uji nikamkuta. Bi Kulsum akaja na funguo zake, wanawake wakajaa mlangoni, maji yakatekwa, sanda ikaletwa kutoka dukani kwa gharama ya mji. Bi Kulsum akauliza, kama sheria inavyotaka, mwenye haki ya kumwosha ni nani, kisha akajijibu mwenyewe, "Hana mtu, maskini. Mwiteni mwosha maiti."

"Ana mtu," nikasema. "Mimi ndiye nitakayemwosha. Ni mama yangu."

Bi Kulsum akanigeukia. "Chausiku aliapa hana mtoto."

"Aliapa. Ungemtoa."

"Ningemtoa," akasema. Hakudanganya, na kwa hilo nilimheshimu. Akazishika funguo zake zisilie. Kisha uso wake ukaanza kubadilika, na nikajua amefika pale nilipotaka afike.

"Na yule Kombo?"

"Hakuna Kombo."

Bi Mwanamvua akajishika kinywa. Bi Kulsum akaketi juu ya kizingiti, yeye ambaye hatukuwahi kumwona ameketi chini, na akasema polepole kwamba siku ile ya uchungu alikuwa mlangoni, aliona nilivyomtazama yule mama, akadhani ninamwomba maji.

Mimi nilikuwa na kazi. Hakukuwa tena na chumba cha kupoteza, wala upenu wa kumwogopesha mtu. Nikawafungia mlango wote, nikakunja mikono ya nguo. Nikamwosha mama yangu kuanzia kulia, kwa taratibu, na kila kata ya maji niliyommiminia nilimwita.